PS imefika hosteli, mtandao umeikataa

Mstari wa kwanza kwenye skrini unasema anwani ya IP imepatikana. Mstari wa pili unasema hakuna intaneti. Iliyobaki haijazwi. Kijana anarudia jaribio na kupata jibu lile lile, huku simu yake iliyo kwenye waifai hiyo hiyo ikicheza video bila kukwama, na laptopu ya mwenzake kwenye kitanda cha pili ikifungua maandishi ya mhadhara. Kilichonyimwa mtandao ni PlayStation peke yake, ile iliyosafiri kutoka nyumbani ndani ya begi ikiwa imeviringishwa kwa blanketi.

Anayekutana na hali hii mara ya kwanza hudhani mashine imeharibika. Humpelekea fundi, fundi akaiunganisha na mtandao wa dukani kwake, ikafanya kazi papo hapo. Akiirudisha chumbani inakataa tena. Hapo ndipo anapoanza kusikia ushauri wa kila aina: nunua ruta yako, badilisha namba za DNS, chukua utambulisho wa laptopu ya mtu. Baadhi ya ushauri huo unafaa. Mwingine unaweza kumfikisha mbele ya kamati ya nidhamu, na mwingine mahakamani.

Naona suala hili linadharauliwa na pande zote mbili. Wanafunzi huwaona wasimamizi wa mtandao kama watu wanaochukia raha za vijana, na wasimamizi huiona PS kama kupe wa kunyonya mtandao uliolipiwa kwa ajili ya masomo. Hoja yangu ni kwamba kucheza gemu mtandaoni kunaulemea mtandao wa chuo kidogo sana kuliko inavyodhaniwa, kwamba mara nyingi PS hukataliwa kwa kutojulikana wala si kwa kupigwa marufuku, na kwamba vyuo vyetu vya kandokando ya Ziwa vinaweza kuifungulia njia halali bila gharama ya kutisha.

Otonglo ni mahali pazuri pa kuanzia mjadala huu. Soko hilo liko kando ya barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia, kati ya uwanja wa ndege na Kisian, ziwa likiwa upande mmoja na vilima vya Riat upande mwingine. Wakenya wengi walilisikia jina hilo mwaka 2013 kupitia simulizi la Daniel Owira, aliyekuwa mwanafunzi wa Highway Secondary, kwenye tamasha la kitaifa la drama. Kwa mwanafunzi, Otonglo iko katikati ya mambo: matatu za Maseno hupita hapo, za Bondo hupita hapo kabla ya kukata kushoto Kisian, na mjini Kisumu si mbali. Asiyepata kitanda hosteli hutafuta chumba cha kupanga kwenye njia kama hii, na PS yake humfuata.

Gemu ya pande hizi ilikulia kwenye benchi. Ni chumba kimoja kando ya soko, televisheni mbili, PS ya mitumba, pedi ambazo raba zake zimelika hadi kwenye plastiki, na mwenye kazi anayehesabu mechi na kupokea sarafu. Mpinzani wako ameketi begani pako. Ukifungwa unampisha anayesubiri. Intaneti haikuhitajika, diski ilitosha, na ubishi ulimalizwa hapo hapo mbele ya mashahidi. Vijana waliojifunza kucheza hivyo, kwa PS2 ya mwaka 2000 na PS3 ya mwaka 2006 zilizokuwa zimeshazeeka kwa wenyewe, ndio wanaoingia chuoni sasa wakiwa na PS4, na wachache PS5. Mashine hizi ni za zama nyingine. Ukiweka diski inaomba sasisho kwanza. PS5 ilipotoka mwaka 2020 ilitoka pia kwa toleo lisilo na nafasi ya diski kabisa, na toleo hilo bila mtandao haliwezi kupata gemu mpya. Kwa hiyo wengi wa vijana hawa hujua kwamba gemu inahitaji mtandao siku ile ile wanayojua kwamba mtandao wa hosteli hauitaki gemu.

Mtandao wa chuo nao una historia yake, na bila kuijua utawalaumu watu bure. KENET, mtandao wa elimu wa Kenya unaounganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti, ulianzishwa mwaka 1999. Miaka hiyo intaneti ya kimataifa ilitufikia kwa setilaiti, ikiwa ghali na nyembamba, na chuo kizima kiligawana kiasi ambacho leo simu moja inakipita. Nyaya za baharini TEAMS na SEACOM zilipoanza kazi mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, uwezo ulipanda na bei ya jumla ikashuka. Lakini sheria za matumizi haziendi mbio kama nyaya. Msimamizi aliyefunzwa kazi wakati picha moja kubwa ikitosha kuchelewesha barua pepe za idara nzima alijifunza kufunga kwanza na kuuliza baadaye, na alikuwa na sababu. Kanuni nyingi zinazoizuia PS leo ni watoto wa ufukara ule. Hakuna aliyeketi akaandika kwamba gemu zisichezwe. Waliandika kwamba kisichotajwa kisipite, na gemu haikutajwa.

Kikwazo cha kwanza ni namna ya kujitambulisha. Nyumbani waifai ina neno la siri moja kwa watu wote. Chuoni kila mtu ana jina lake la mtumiaji na neno lake la siri, ili ijulikane ni nani anafanya nini. Ndivyo ilivyo eduroam, mfumo ulioanzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao leo unamwezesha mwanafunzi wa chuo kilichojiunga kufungua laptopu Kampala au Amsterdam na kuunganishwa kwa jina lile lile alilopewa kwao. Utaratibu ulio chini yake unaitwa 802.1X. Simu inauelewa na laptopu inauelewa. PlayStation haiuelewi, wala Xbox, wala Nintendo Switch. Fungua ukurasa wa waifai kwenye PS uone: kuna nafasi ya kuandika neno la siri, nafasi ya jina la mtumiaji haipo. Waliounda mashine hizi walikuwa wakifikiria sebule ya familia. Hakuna mpangilio wa ndani utakaobadilisha jambo hilo, na anayekesha akijaribu namba moja ya DNS baada ya nyingine anajinyima usingizi bure.

Vyuo vingine hutumia ukurasa wa kuingilia. Waifai iko wazi, lakini kabla hujapata chochote kivinjari kinakuletea fomu ya namba ya usajili na neno la siri. Hapo ndipo mstari wa kwanza wa jaribio unapofaulu na wa pili kufeli. Mtandao umeipa PS anwani, sasa unaisubiri ijaze fomu. PS nayo haioni fomu, inasubiri intaneti. Baadhi ya mashine huifungua fomu hiyo zenyewe, na mambo huisha kwa dakika mbili. Hata hivyo fomu nyingi humtoa mtumiaji baada ya saa kadhaa, pengine mechi ikiwa dakika ya 80.

Njia halali ya kuvuka vikwazo hivi viwili ni ya kiofisi. Kila kifaa kina anwani ya MAC, herufi na tarakimu 12 zilizoandikwa kiwandani kwenye kadi yake ya mtandao. Kwenye PS4 utaikuta ndani ya mipangilio, sehemu ya taarifa za mfumo. Angalia vizuri, kwa maana ziko mbili, moja ya kebo na nyingine ya waifai, na ukipeleka isiyo yenyewe utarudi ofisini kesho yake. Msimamizi akiiingiza anwani hiyo kwenye orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa, kando ya namba ya usajili ya mwanafunzi, PS inapita bila fomu na chuo bado kinajua ni ya nani. Vyuo vingi vya Marekani vina ukurasa ambapo mwanafunzi mwenyewe husajili PS, televisheni na printa yake. Uwezo wa kuweka orodha kama hiyo umo kwenye vifaa vingi vinavyosimamia waifai ya chuo. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kwamba itumike.

Ukishapita hapo unakuta kikwazo kigumu zaidi kukieleza. Anwani za IP za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na zimekauka. AFRINIC, shirika linalozigawa barani Afrika, liliingia awamu ya mwisho ya mgao mwaka 2020. Kwa hiyo chuo chenye maelfu ya vifaa hugawana anwani chache za nje. Ruta kuu hukumbuka nani aliomba nini, jibu likija humpelekea mwenyewe. Kwa tovuti utaratibu huu, unaoitwa NAT, haumuumizi mtu, kwa sababu daima wewe ndiye unayeanza kuomba. Gemu nyingi huenda kinyume: PS ya mpinzani aliyeko Eldoret hutuma pakiti moja kwa moja kwa PS yako, na ruta ya chuo, ikiiona pakiti isiyoombwa na mtu, huitupa.

PS huipima hali hii na kuipa daraja la NAT: 1, 2 au 3. Ukiwa na daraja la 3 utaingia dukani, utawaona marafiki zako wako hewani, utabonyeza kuanza mechi, na duara litazunguka hadi uchoke. Ukifanikiwa kuingia utakuta sauti ya mwenzako haisikiki. Wengi hapo huamini mtandao ni wa polepole na kwenda kulalamikia kasi, msimamizi akapima kasi, akaikuta nzuri, akawafukuza. Pande zote mbili zimesema kweli na hawajaelewana. Pamoja na NAT kuna suala la poti, yaani milango yenye namba ambayo data hupitia. Tovuti hutumia poti ya 80 na ya 443. PlayStation huhitaji pia 3478 na 3479, na Xbox huhitaji 3074. Kinga ya mtandao iliyofunga poti zote isipokuwa mbili za kwanza itaruhusu kununua gemu na kukataa kuicheza. Kwa kawaida daraja la 2 linamtosha mchezaji, nalo halihitaji chuo kifungue tundu lolote kutoka nje kuja ndani. Linahitaji tu pakiti zinazotoka zisizuiwe, na ruta isibadilishe poti ya nje kila PS inapozungumza na mtu mpya. Ni kazi ya mistari michache kwa anayeijua ruta yake.

Sasa tuje kwenye mzigo, maana hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo. Mechi ya mtandaoni haisafirishi picha. Picha yote inachorwa na PS iliyo chumbani. Kinachopita kwenye waya ni taarifa ndogondogo: nani amebonyeza nini, mpira uko wapi, mchezaji ameelekea upande gani. Kwa saa nzima gemu nyingi hutumia kati ya MB 40 na 150. Video ya ubora wa HD kwenye Netflix hufikia GB 3 kwa saa. Maana yake ni kwamba mwanafunzi mmoja anayetazama tamthilia kitandani anatumia sawa na wenzake ishirini au zaidi wanaocheza, na hakuna anayemgongea mlango.

Upakuaji ni habari nyingine, na hapa nawaunga mkono wasimamizi moja kwa moja. Gemu ya kandanda ya siku hizi hupita GB 40, na zipo za vita zinazozidi GB 100. Chukua gemu ya GB 50 kwenye kasi ya Mbps 10: itachukua saa 11 za kunyonya bila kupumua. Sasisho kubwa likitoka Ijumaa jioni, na PS thelathini za jengo moja zikaanza kulivuta kwa pamoja, mwanafunzi anayepakia kazi ya mtihani itakayofungwa saa sita usiku ataumia, na kilio chake ni cha haki. Lakini tatizo hili lina dawa inayojulikana. PS huweza kupakua ikiwa imelala, na ruta ya chuo inaweza kuibana kasi ya kila kifaa mchana na kuiachilia kuanzia saa saba usiku hadi alfajiri, wakati waya uliolipiwa umekaa bure. Kuifungia gemu nzima kwa kosa la sasisho ni kumwadhibu asiyehusika.

Wasimamizi wana hofu nyingine ambayo wanafunzi hawaijui, na ingefaa waijue. Kijana amechoka kukataliwa, ananunua ruta ndogo na kuichomeka kwenye soketi ya ukutani. Anaichomeka kwenye tundu lisilo lake, moja ya yale manne ya manjano badala ya lile la pembeni lenye rangi tofauti. Ruta hiyo kazi yake ni kugawa anwani, nayo inaanza kuzigawa. Laptopu ya chumba cha jirani inaomba anwani, na ruta ya kijana, iliyo karibu kuliko mtambo wa chuo, inawahi kujibu. Dakika chache baadaye nusu ya ghorofa wana anwani zisizoelekea popote. Hakuna intaneti, hakuna anayejua sababu, na fundi anapita chumba kwa chumba akichomoa kebo moja baada ya nyingine. Anayeijua kazi hiyo haulizi tena kwa nini hosteli nyingi zinapiga marufuku ruta za wanafunzi. Mitambo ya kisasa ina kinga dhidi ya jambo hili, lakini kinga hiyo lazima iwashwe, na swichi za bei nafuu hazina.

Ushauri wa kuchukua anwani ya MAC ya laptopu na kuivisha ruta au mashine nyingine lazima nao uzungumzwe waziwazi. Kuna wanaotumia anwani ya laptopu yao wenyewe. Hilo kwa kawaida huvunja kanuni za chuo, basi. Kuchukua anwani au neno la siri la mwenzako, au la mhadhiri, ni jambo zito zaidi: kila utakachokifanya kitaandikwa kwa jina lake, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 inataja faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa kuingia mfumo bila idhini. Mechi moja ya kandanda haifai kumgharimu mtu shahada yake. Nasema hivi kwa uchungu, kwani wanaoshauriana mambo haya kwenye vitanda vya hosteli ni vijana wenye akili ambao katika chumba cha pili wangekuwa ndio wasimamizi wenyewe.

Njia ya kati, panapokuwa na ruhusa, ni laptopu. Windows 10 na zilizofuata zina uwezo wa kugawa intaneti: laptopu inajitambulisha kwa chuo kwa jina la mwanafunzi, kisha inaipitishia PS kwa kebo fupi au kwa waifai ndogo ya chumbani. PS haijui kama kuna eduroam wala fomu. Hasara yake ni NAT juu ya NAT, hivyo mara nyingi utaishia daraja la 3. Lakini kwa kusasisha gemu na kusajili akaunti inatosha. Ushike jambo moja: vyuo vingi huhesabu laptopu inayogawa kuwa ni ruta. Uliza kwanza.

Hata ukishinda yote haya, bado kuna umbali, na huo hauna ofisi ya kuuendea. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Kisumu hadi Frankfurt ni takriban kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 60, na waya haunyooki: unashuka Mombasa kwanza, unapanda Bahari ya Shamu, ndipo ufike Ulaya. Johannesburg iko karibu zaidi, takriban kilomita 3,000, na gemu zenye seva huko ndizo zinazochezeka vizuri kwetu. Mchezaji wa kandanda huvumilia. Mchezaji wa Tekken hawezi, kwa sababu pigano huhesabiwa kwa picha 60 kila sekunde, kila moja milisekunde 17 hivi, na ucheleweshaji wa milisekunde 120 ni picha saba zilizokwishapita kabla ngumi yako haijaonekana. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alifikia kuchukuliwa na timu ya kimataifa kwa mchezo huo huo wa Tekken akiwa mwanafunzi wa sheria JKUAT. Nikilifikiria hilo sioni namna ya kuendelea kuiita gemu ya mwanafunzi upuuzi. Tena nyaya zinazovuka umbali huo hukatika: Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya, Uganda na Tanzania ikayumba kwa siku kadhaa. Wachezaji waliona ucheleweshaji wao ukipanda kabla ya kusoma habari.

Umbali huo huo ndio unaonifanya nipende zaidi gemu ya karibu. Wanafunzi wawili wa jengo moja wangeweza kucheza kwa ucheleweshaji usiozidi milisekunde chache, bila pakiti hata moja kutoka nje ya ua. Lakini waifai nyingi za chuo hutenganisha vifaa ili visionane, kwa sababu za usalama ambazo ni nzuri: virusi vya laptopu moja visiambukize jengo zima. Hapo dawa ni kebo na swichi ndogo isiyounganishwa na ukuta. PS nne kwenye chumba cha burudani, zikicheza gemu inayoruhusu hivyo, ni mashindano ya hosteli yasiyomgusa msimamizi hata kidogo. Nashangaa hayafanywi kila mwisho wa wiki.

Aliyepanga nje ana yake. Kwenye nyumba za kupanga kando ya barabara ile, mwenye nyumba huweka faiba moja na kuwagawia wapangaji kwa ada ya mwezi. Hakuna 802.1X hapo, PS inaungana mara moja. Shida ni kwamba neno la siri likivuja kila mpita njia yumo, na saa mbili usiku mtandao wote umelala. Anayetumia bando la simu atakuta kampuni za simu nazo huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje, kwa hiyo daraja la 3 linamfuata hadi nje ya chuo, na sasisho moja la GB 40 linamaliza fedha za chakula. Vijana wenye busara hupakua mahali penye faiba, wakabeba mashine yenyewe mkononi, kisha wakarudi kuchezea nyumbani.

Mwanafunzi anayetaka kulipeleka suala hili ofisini aende na vitu vinavyojibu maswali kabla hayajaulizwa. Kwanza karatasi yenye anwani ya MAC ya kebo, si ya waifai, kwa sababu msimamizi atakubali soketi ya ukutani haraka zaidi kuliko masafa ya waifai ambayo tayari yamejaa. Kisha picha ya skrini ya jaribio la PS, ile yenye mistari iliyojazwa na isiyojazwa, pamoja na daraja la NAT kama lilipatikana. Fundi akiiona atajua ni fomu, ni kinga au ni poti, bila kubishana kuhusu kasi. Aombe mambo mawili tu: kifaa kiingizwe kwenye orodha kwa jina lake, na pakiti za poti 3478 na 3479 ziruhusiwe kutoka. Aahidi kwa maandishi kwamba masasisho atayapakua usiku, na akubali kifaa kiondolewe akikiuka. Barua iwe na majina ya wenzake wote wa jengo wenye mashine kama hiyo, maana ombi la mtu mmoja hujibiwa kwa mdomo na ombi la jengo huwekwa kwenye ajenda. Wiki ya kwanza ya muhula ofisi hiyo hujaa watu waliosahau maneno yao ya siri. Aende wiki ya pili, asubuhi.